Bamba Linapozama, Maji Yake Huishia Wapi?

Kwamba bamba la gandunia, yaani kipande kikubwa cha ganda la nje la Dunia, linapozama chini ya jingine hushuka na maji, hilo halina ubishi tena. Ubishi uliobaki ni wa hesabu: yanayoshuka ni kiasi gani, na yasiyorudi juu ni kiasi gani.

Maji yaliyonaswa kati ya chembe za tope la baharini hayafiki mbali. Hukamuliwa mapema, kwenye kilomita chache za mwanzo. Yenye safari ndefu ni yale yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Serpentini, mwamba wa koti la Dunia (tabaka nene lililo chini ya ganda la nje) uliokwisha kunywa maji ya bahari, hubeba maji yanayofikia asilimia 13 ya uzito wake, na ukiushika ni mkavu kama jiwe lolote. Joto na mgandamizo vikizidi, madini hayo huvunjika na kuyaachia. Maji hupanda kwenye koti lililo juu ya bamba na kushusha kiwango chake cha kuyeyuka kwa mamia ya nyuzijoto. Ndiyo maana safu za volkeno za Japani, Indonesia na Andes zimesimama pale ambapo bamba limefika kina cha kilomita 100 hivi. Mvuke unaofoka huko, kwa sehemu yake, ni bahari inayorudi nyumbani.

Je, inarudi yote? Hesabu zilizotolewa mwaka 2011 zilionyesha kwamba takriban theluthi moja ya maji yaliyofungwa kwenye madini hufika kina cha kilomita 240, mbali na volkeno. Mwaka 2018 watafiti waliotega vipima-tetemeko kwenye sakafu ya bahari karibu na Mfereji wa Mariana, bonde refu la chini ya bahari magharibi mwa Pasifiki ambako bamba huzama, walikuja na dai kubwa zaidi: bamba hupasuka linapopinda kabla ya kuzama, maji hupenya kwenye nyufa hizo hadi zaidi ya kilomita 20, na kwa dunia nzima yanayoshuka huenda ni mara tatu ya yaliyodhaniwa.

Ushahidi wao ni mawimbi ya tetemeko yaliyopunguza mwendo. Katika mwamba mkavu wa koti la juu, mawimbi yanayotangulia hukimbia takriban kilomita 8 kwa sekunde. Kwenye serpentini huzubaa. Tatizo ni kwamba huzubaa pia kwenye nyufa nyembamba zilizojaa maji, hata maji yenyewe yakiwa kidogo sana. Kipimo kimoja, tafsiri mbili, na tofauti kati yake ni kubwa mno.

Wanaoamini kwamba maji mengi hufika kina kirefu wana kete nzuri. Mwaka 2014 ilitangazwa almasi ya Juína, Brazili, ya rangi ya kahawia, chafu, ambayo sonara asingeigeuzia shingo. Ndani yake mlikuwa na punje ya ringwudaiti, madini ya kina cha kilomita 520 hadi 660, yenye maji karibu asilimia 1.5. Basi huko chini maji yapo, walau mahali pamoja. Ila punje moja haitoshi kulipimia koti zima, na haisemi maji hayo yalifika lini.

Mimi naegemea kwa wenye tahadhari, kwa sababu ya bahari zenyewe. Kama mifereji ingemeza mara tatu huku volkeno zikirudisha kiasi kilekile tunachokijua, usawa wa bahari ungeshuka sana katika miaka milioni 540 iliyopita, na miamba haionyeshi mporomoko wa namna hiyo. Isitoshe, bamba la Mariana ni kongwe na baridi, na baridi hutunza madini yenye maji hadi kina kirefu. Bamba changa la Juan de Fuca, linalozama chini ya Marekani na Kanada upande wa magharibi, lina joto na humwaga maji yake mapema. Kuchukua kipimo cha la kwanza ukakitandaza dunia nzima ni haraka kupita kiasi.

Ninachokiamini zaidi ni kupima umeme pamoja na mawimbi, kwa kuwa maji ya chumvi yaliyo huru kwenye nyufa hupitisha umeme vizuri, na hivyo husaidia kuzitenganisha zile tafsiri mbili. Pwani ya Nikaragua kipimo hicho kilishafanyika, na matokeo ya 2015 yalionyesha maji yakipenya kupitia nyufa za bamba linalopinda. Mariana nako panastahili kupimwa vivyo hivyo, tena kwa kina kilekile, kabla ya neno "mara tatu" kuingia vitabuni.