Kabla hujasema hajitambui, mletee kioo

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walichapisha habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia ubongo kwa ajali ya gari. Macho anafumbua, analala na kuamka, ila ukimsemesha hakuna jibu. Wakamwingiza kwenye mashine ya MRI, inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Sehemu za ubongo wake zilizofanya kazi ni zilezile zinazofanya kazi kwa mtu mwenye afya akiambiwa hivyo. Yaani alikuwa anasikia na kuelewa.

Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na ilistahili. Lakini kwangu mimi utafiti wa kutunyima usingizi ni ule wa 2009, wa Caroline Schnakers na wenzake wa Liège, Ubelgiji. Walichukua wagonjwa 44 ambao madaktari wao walikubaliana kwamba hawajitambui. Walipopimwa upya, 18 wakakutwa na dalili za kujitambua. Hiyo ni asilimia 41, na hapo haikuhitajika mashine yoyote. Walipimwa palepale kitandani, kwa kipimo kiitwacho CRS-R.

Sehemu moja ya kipimo hicho ni kioo cha mkononi. Kwanza mgonjwa anaamshwa, ikibidi kwa kumminya misuli kuanzia usoni kushuka hadi miguuni. Kisha unamshikia kioo karibu na uso ajione, unakisogeza polepole kushoto, kulia, juu, chini. Macho yakikifuata bila kukatika, hata mara 2 tu, huyo tayari ana dalili ya fahamu. Na kwa nini kioo, si kalamu wala kidole cha daktari? Kwa sababu ilishaonekana kwamba wapo wasiofuata kitu kingine chochote ila sura yao wenyewe.

Halafu unarudia. Fahamu ya watu hawa huja na kupotea. Asubuhi yupo, mchana hayupo. Watafiti wanashauri kupima angalau mara 5 ndani ya muda mfupi kabla ya kutoa kauli. Sisi tunajua mambo yanavyokwenda wodini: daktari anapita, anamulika tochi machoni, anaandika, anahamia kitanda cha pili. Simlaumu, foleni ni ndefu. Ila kioo hakina bei ya kusingizia.

Wanaotaka mashine iamue nao wasiharakishe. Utafiti mkubwa uliotoka 2024 katika jarida la tiba la New England, Marekani, ulipima watu wazima 353 walioumia ubongo. Kati ya 241 ambao hawakuonyesha kutii agizo lolote kitandani, 60 walilitii kwa ubongo, kwa MRI au kwa kipimo cha umeme wa ubongo. Robo nzima! Lakini hata kati ya wale waliotii waziwazi kitandani, zaidi ya nusu mashine haikuwaona. Kwa hiyo mashine ikinyamaza, haijasema kwamba hakuna mtu ndani.

Mwongozo wa wataalamu wa neva wa Marekani wa 2018 unawaonya madaktari wasiiambie familia kwamba hakuna tumaini ndani ya siku 28 za mwanzo. Huku kwetu kauli hiyo wakati mwingine hutolewa siku ya tatu, tena juu ya kichwa cha mgonjwa, shangazi na wajomba wakiwa wamezunguka kitanda na bili ikiwa mkononi.

Nimeshaulizwa: mkishajua anajitambua, mtamfanyia nini? Kwanza, mtampa dawa ya maumivu kabla ya kumsafisha kidonda. Ipo pia amantadini, dawa ya zamani ya mafua makali na ugonjwa wa Parkinson. Jaribio la 2012 kwa wagonjwa 184 lilionyesha inaharakisha nafuu katika wiki 4 za kuitumia, ingawa ilipoachwa kasi ilipungua. Na habari za kuuza shamba lake mtatoka kwenda kuzizungumzia nje.