Nani kasema kutembea pwani ni mambo ya wazungu?

Juzi jamaa yangu kaona picha zangu za Jambiani kwenye status akaniandikia, we nawe unatembea juani unaokota makombe, hayo si mambo ya wazungu hayo. Imeniuma kweli, maana anayesema hivyo kazaliwa pwani na bibi yake kala bahari maisha yake yote.

Wazungu gani jamani? Maji yakikupwa watu wetu wameshuka toka enzi, kina mama na vikapu wanatafuta chaza na pweza mwambani, watoto nyuma wanaokota kauri. Hata komwe tunazochezea bao ni mbegu za kichaka kinachoota hapo hapo ufukweni, zinaelea, bahari inazibeba inaenda kuzitupa pwani nyingine kabisa. Ukiiokota mchangani hujui imetoka kisiwa gani, na mimi hilo peke yake linanitoa nyumbani.

Tatizo wengi tunaujua ufukwe wa jioni tu, muziki, mihogo ya kuchoma, picha, basi. Nenda siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu, Unguja maji yanakauka kwenye saa nne asubuhi, yanashuka karibu mita 4 kutoka yalipojaa, na pale Jambiani na Paje bahari yote inakimbilia mwambani huko mbali, unatembea kwa miguu mahali ambapo alasiri ngalawa zinapita. Unapishana na kina mama wa mwani kwenye mashamba yao, kazi iliyoanza huko mwaka 1989, unawapa shikamoo, unachungulia vidimbwi vina majongoo bahari na visamaki vya bluu vinasubiri maji yarudi, na kichwa chote kilichojaa foleni na madeni ya Dar kinatulia bila kuombwa.

Na kuokota kuna makubwa yake. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja huko visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, aliokota mchangani sarafu kadhaa na tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Za Kilwa hii hii yetu! Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje, mi nikitembea pwani nazifikiria sana.

Haya, jua linaunguza, mwamba unakata miguu kwa hiyo vaa viatu, na taka za plastiki zinakera, sikatai. Ila Lamu walizikusanya hizo taka wakaunda dau zima, Flipflopi, wakalivika kandambili kama 30,000 na mwaka 2019 likatweka tanga mpaka Zanzibar.

Ninachowaomba kwa dhati ni kimoja, kombe lenye mnyama ndani liacheni. Litazame, ligeuze, kisha lirudishe pale pale kwenye maji. Yale makubwa yanayong'aa kwenye meza za wauzaji mengi yametolewa baharini yakiwa hai, mi sinunui hata moja na wageni wangu nawakataza.