Nikiuliza kwa Kiswahili, nijibiwe ya Kenya

Jumamosi nilisimama kwenye kibanda cha mama mboga wetu hapa Kayole nikingoja anikatie sukumawiki. Anakata bila hata kuangalia kisu. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo simu yako yaweza kuniambia bima ya afya nalipa ngapi?"

Simu yangu ina kivinjari chenye akili unde ndani yake. Unaandika swali palepale pa anwani, chenyewe kinapitia kurasa kadhaa na kukuandikia jibu moja. Nakipenda. Sisi tuliozoea Opera Mini tukihesabu MB, kupata jibu bila kufungua kurasa kumi zilizojaa matangazo ni afueni kubwa ya bando.

Nikaliandika swali kwa Kiswahili, vile alivyoliuliza. Jibu likaja kwa Kiswahili safi: ajiunge na NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, alipe shilingi 500 kila mwezi. Nilibaki kidogo tu nimsomee. Lakini NHIF yetu ilikwisha, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mambo hayo yako chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Nikabofya vile vinamba vidogo mwishoni mwa jibu, vinavyofungua kurasa lilikotoka. Ukurasa mmoja ni habari ya Kenya ya miaka ya nyuma. Wa pili ni wa Tanzania, ambako pia kuna NHIF, mfuko mwingine kabisa. Nchi mbili zimepikwa chungu kimoja.

Nikauliza kwa Kiingereza. Sasa likaja sawa: SHA, asilimia 2.75 ya mapato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na aliyejiajiri hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo.

"Kwa hivyo nikiuliza kwa Kiswahili nadanganywa?" Kisu kilikuwa kimesimama.

Swali hilo limenikaa moyoni. Wengi watailaumu mashine, na kweli ingepaswa kujua Kayole haiko Tanzania. Lakini mashine husoma kilichoandikwa. Wenzetu wa Tanzania huandika mambo ya serikali yao kwa Kiswahili kila siku. Sisi Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, halafu matangazo ya ada na makato mara nyingi yanatoka kwa Kiingereza. Mama huyu hulipa kodi kama mimi. Nataka kila tangazo linalogusa mfuko wake litoke kwa Kiswahili siku ileile, tarehe ikiwa juu, kwenye tovuti ya ofisi husika. Hapo ndipo kivinjari changu kitapata cha kusoma.

Mimi nitaendelea kukitumia, ila jambo likihusu pesa au dawa, vinamba vile navifungua kwanza.

Mama alishapiga hesabu: 300 mara 12, 3,600. "Zote mara moja?" Nikamwambia ndiyo, na huenda zikazidi, kutegemea atakavyojibu maswali ya SHA kuhusu mapato yake. Nikamwandikia *147#, namba ya SHA ya kupiga kwa simu, kwenye kipande cha katoni, akakichomeka chini ya nyanya.