Salamu, mega na mfuko wa msiba: kundi la mtaa Goma lifunge gumzo au liliache?

Kundi la WhatsApp la Goma likishapita miezi mitatu, ugomvi wake unajulikana. Mama mmoja wa Katindo ataandika saa kumi na mbili asubuhi: "Jambo yenu bote, mulilala muzuri?" Watajibu kumi na tano, mmoja baada ya mwingine. Halafu atatokea Papa fulani aliyekuwa anatafuta tangazo la maji au saa ya mazishi, achoke kupandisha na kushusha kidole, aandike: "Admini, hapa si pa bavardaje," yaani porojo. Kuanzia hapo kundi hugawanyika. Wengine wanataka admini peke yake ndiye aandike, wengine wanasema kundi lisilo na salamu ni ubao wa matangazo tu.

Pande zote mbili zina haki, lakini mara nyingi zinabishania kitu kisichohusika.

Tuanze na mega, yaani bando la intaneti, maana ndiyo hoja inayotajwa kwanza. Salamu ya maandishi haili kitu. Kinachokula ni picha ya maua na kikombe cha kahawa. Ikiwa na kilobaiti 150 tu, na watu 20 wakaituma kila asubuhi, ni mega 3 kwa siku na 90 kwa mwezi, kabla hujafungua video hata moja. Kwa mtu anayenunua mega za siku kwa siku, hiyo ni pesa ya mboga. Dawa yake haihitaji kumfunga mtu mdomo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama zote kwenye upakuaji wa moja kwa moja unapotumia mtandao wa simu: picha, sauti, video, hati. Baada ya hapo, utakachofungua ndicho utakacholipia. Ujumbe wa kurekodi sauti ndio pekee hauzuiliki hivyo, unashuka wenyewe. Hata hivyo dakika moja ya sauti haifiki nusu ya mega, kwa hiyo wenye kurekodi dakika kumi ndio wa kuombwa wafupishe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: tangazo la maana huzama. Kilio kikitangazwa saa tatu usiku, kufikia asubuhi kiko chini ya salamu 40 na vichekesho. Hapa wapinzani wa gumzo wako sahihi kabisa, na jibu la "soma yote" ni la mtu asiye na kazi. Lakini tazama kinachotokea kundi linapofungwa admini peke yake aandike. Wiki ya kwanza, raha. Wiki ya tatu, watu wengi wameshazima sauti ya kundi moja kwa moja, kwa sababu hakuna anayewasubiri humo. Tangazo sasa halizami. Halisomwi tu.

Salamu ya asubuhi inafanya kazi moja ambayo tangazo haliwezi: inaonyesha nani hayupo. Anayeandika "jambo" kila siku saa moja akinyamaza siku nne, kuna mtu atauliza. Kwa mji ambao watu wake wamehama na kurudi mara nyingi, jambo hilo si dogo. Volkeno ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 jioni, na tarehe 27 amri ikatolewa ya kuhamisha sehemu kubwa ya mji. Watu walitawanyika Sake, Minova, Gisenyi, wengine Bukavu kwa mashua. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 walipouchukua mji, walitawanyika tena. Katika nyakati kama hizo, "nani ameonana na familia ya Mama fulani?" hupata majibu haraka kwenye kundi ambamo watu walikuwa wakisalimiana. Kwenye kundi la matangazo matupu, wanachama hawajuani hata kwa majina. Wanaona namba tu, nyingine za 243, nyingine za 250 kwa sababu laini ya Rwanda inashika vizuri upande wa Birere, mtaa wa mpakani.

Nikiambiwa nichague, ningeliacha gumzo liishi, lakini ningetoa mambo mawili nje yake: pesa na tahadhari. Hayo ndiyo yanayoharibika kwa kelele, na ndiyo yanayoharibu kundi.

Pesa kwanza. Utaratibu wa kawaida ni orodha ya kunakili. Mtu anaandika "Mchango wa msiba wa Papa fulani: 1. … 2. …", kila atakayetoa anainakili, anaongeza jina lake chini na kuituma tena. Unaonekana wa wazi na wa haki. Kasoro yake ni kwamba watu wawili wakinakili orodha ileile ya majina 12 kwa dakika moja, kila mmoja anakuwa namba 13. Wa tatu akinakili ya mwisho, jina la mmoja limepotea, na aliyepotezwa ametoa dola zake 5. Ugomvi wa "mimi nililipa" mara nyingi hauanzi kwa wizi, unaanzia hapo. Orodha iandikwe na mtu mmoja, mtunza hazina, na itumwe upya mara mbili kwa siku kwa saa zinazojulikana. Anayetoa amtumie yeye binafsi ujumbe wa uthibitisho kutoka M-Pesa au Airtel Money, pamoja na namba ya muamala. Picha ya skrini isitoshe, kwa sababu inaharirika. Mtunza hazina alinganishe namba ya muamala na ujumbe ulioingia kwenye simu yake kabla ya kuandika jina.

Saa nayo iandikwe kwa tarakimu. "Saa mbili" kwa Mswahili ni saa nane ya Kifaransa (8h00 au 20h00), na aliyeko Kinshasa yuko saa moja nyuma yetu. "20h00 ya Goma" haina ubishi.

Je, orodha ionyeshe kiasi? Wanaosema ndiyo wanataka uwazi, na uwazi unazuia mtunza hazina kula. Wanaosema hapana wameona jinsi mtu aliyeandikwa franka 2.000 chini ya aliyeandikwa dola 50 anavyotoka kundini polepole, bila kuaga. Ningeweka majina tu hadharani, jumla hadharani, na viasi mikononi mwa watu wawili wasio wa familia moja. Msaada usio wa pesa nao uandikwe kwa uzito uleule: aliyeleta viti, aliyetoa gunia la makala (makaa), aliyelala kilioni siku mbili akipika. Ukiacha hao nje ya orodha, umeshatangaza kwamba kundi ni la wenye nacho.

Halafu kuna ukubwa wa kundi, ambao watu wengi hawaupigii hesabu. Kundi la watu 40 wenye mchango wa dola 5 kwa kila msiba au ugonjwa mkubwa linamletea mfiwa karibu dola 200. Wengine watasema tuongeze watu wafike 80 ili tupate 400. Sawa, lakini matukio nayo yanaongezeka. Tuseme kila mwanachama anapatwa na tukio moja kwa miaka miwili. Kwa watu 40 ni matukio 20 kwa mwaka, kila mmoja anatoa dola 100. Kwa watu 80 ni matukio 40, kila mmoja anatoa 200. Hakuna utajiri uliozaliwa hapo: kwa wastani unatoa kile utakachopokea. Unachonunua ni siku, yaani pesa kufika wakati jeneza linatakiwa na si mwezi ujao. Likelemba (michango ya kupokezana) na AVEC (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana) zinajua hili, ndiyo maana zinaweka idadi ya watu na kiwango kabla ya kuanza. Kundi la gumzo huongeza watu kwa urafiki, mpaka michango inakuwa ya kila wiki na watu wanaanza kujificha. Mkifika hapo, pandisheni masharti (mzazi, mwenzi, mtoto, kulazwa hospitalini, basi) au shusheni kiwango, na mseme wazi mmechagua lipi.

Kuna pia suala la kutoa pesa kwenye simu. Mabenki ya Goma yalifunga milango vita ilipofika mjini, mzigo ukabaki kwenye makabini, vibanda vya kutolea pesa za simu. Noti zikiwa chache, kabini hukata zaidi ya kawaida, na noti ya dola iliyochanika pembeni haipokelewi kwa thamani yake kamili. Kwa hiyo usitangaze "tumepata 200" kabla ya kujua zitatoka ngapi. Mara nyingi ni afadhali kumtumia mwenye duka la mbao au mwenye viti moja kwa moja kuliko kutoa noti na kuzibeba.

Adui mkubwa wa mfuko huu ni wizi wa akaunti ya WhatsApp, na hapa gumzo lina lawama yake, kwa sababu mazoea ndiyo yanayotumika. Ujumbe unakuja kutoka kwa namba ya yaya (kaka au dada mkubwa) unayemjua: "Nimetuma kodi, ile namba ya siri ya tarakimu 6, kwako kwa makosa, nirudishie." Ukiituma, akaunti yako imeondoka, na baada ya dakika kumi kundi zima linaombwa dola 50 kwa jina lako, "nitarudisha jioni." Kinga yake ni kuweka PIN ya hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti. Ikishatokea, sajili namba yako upya mara moja kwa kodi mpya ya SMS: mwizi anatolewa. Kama aliweka PIN yake, utasubiri siku 7 kuingia, lakini naye hayumo. Wakati huohuo admini aiondoe namba hiyo kundini. Na ombi lolote la pesa lithibitishwe kwa kupiga simu ya kawaida na kusikia sauti, hata kama anayeomba ni mzee unayemheshimu. Mzee mwenye busara hatakasirika.

Tahadhari nayo iwe na mahali pake, kundi la pili ambalo admini watatu tu huandika. Ujumbe uwe na mambo manne: nini, mtaa gani, saa ngapi, na nani ameona kwa macho yake. Ukija na mishale miwili inayoonyesha umesambazwa mara nyingi, usiingie humo. Habari za volkeno zitoke kwa OVG, kituo cha Goma cha kuchunguza volkeno, si kwa sauti ya mtu asiyejulikana anayelia juu ya gesi ya Ziwa Kivu. Habari za kijeshi, nani yuko wapi na silaha gani, zisiandikwe popote. Simu inaweza kushikwa na asiyekutakia mema, na kundi lina majina ya watu wote.

Kwa sababu hiyo wengine huwasha ujumbe unaojifuta wenyewe. Kwenye gumzo, siku 7 zinatosha. Kwenye hesabu za mfuko usiwashe, la sivyo baada ya mwezi hamna pa kurejea. Hesabu zikae pia kwenye daftari, maana simu huibwa na laini isiyotumika muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine.

Hiyo ya laini inagusa pia wanaonyamaza. Mwanachama akikosekana siku tano, anayeishi karibu naye apige simu. Isipopokelewa, atume SMS, ambayo haihitaji mega. Ikijibiwa na mgeni asiyejua jina la mwenye namba, itolewe kundini siku hiyohiyo, halafu mtu aende nyumbani kwake kwa miguu kumuuliza namba mpya.