Fundi Viatu wa Kijijini na Marufuku ya Mitumba

Tangu Rais Museveni wa Uganda atangaze mjini Mbale, Agosti 2023, kwamba nguo kuukuu za ng'ambo hazitakiwi tena nchini, wapo wanaotaka viatu navyo vibanwe vivyo hivyo ili fundi wa kijijini apate soko. Hoja yao si ya kubezwa: viongozi wa Afrika Mashariki walikwisha kukubaliana jambo la namna hiyo mwaka 2016, na nchi yenye ng'ombe wengi hivi haipendezi ikivaa viatu vilivyochakaa miguuni mwa wengine.

Ila sidhani wengi wao wamewahi kuketi kando ya benchi la fundi mwenyewe. Mtazame yule wa gulioni Bwera, magharibi mwa Uganda. Makatambuga ya tairi, yaani lugabire, huwauzia wakulima, lakini karo za wanawe hutoka kwenye mitumba. Kiatu cha mtumba cha ngozi huja na mshono, na chenye mshono hufumulika: fundi hutoboa kwa msharasi, hupitisha uzi uliopakwa nta, huweka soli mpya ya mpira, na mwanafunzi akamaliza nacho mihula yote mitatu. Kile kipya cha bei nafuu, kilichomiminwa plastiki kipande kimoja, kikipasuka hakishoneki, kwa kuwa kila tundu la msharasi hugeuka ufa mwingine. Hutupwa, na fundi asiambulie hata shilingi. Mitumba ikizuiwa leo, kitakachojaa gulioni ni hicho, wala si kazi ya mikono yake.

Kwani atashona kwa ngozi gani? Ya ng'ombe aliyechinjwa hatua chache kutoka benchi lake hutiwa chumvi, hupakiwa lorini kwenda viwandani, kisha sehemu kubwa huvuka mpaka ikiwa imesindikwa nusu tu, ingali na rangi ya buluu ya dawa za kusindikia. (Hapo sijazitaja zinazoharibiwa na kupe na visu vya wachunaji.) Ngozi iliyokamilika humrudia vipande vipande, kwa bei ya Kampala.

Rwanda husifiwa kwa kushikilia msimamo wa kuibana mitumba hata Marekani ilipoisimamishia, mwaka 2018, nafuu ya kuuza mavazi bila ushuru, na ushupavu huo nami nauheshimu. Hata hivyo, marufuku nitaiunga mkono siku ngozi iliyokamilika itakapouzwa Bwera kwa futi. Ikitangulia marufuku, fundi atabaki na tairi lake.