Hattie McDaniel: Kesi ya Aproni na Kesi ya Nyumba

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, Hattie McDaniel aliinuka kutoka kwenye meza ndogo iliyotengwa ukutani, mbali na wenzake wa Gone with the Wind, filamu kuhusu familia ya wamiliki wa watumwa Kusini mwa Marekani, akaenda mbele kupokea Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Miezi miwili na nusu nyuma, filamu hiyohiyo ilipozinduliwa Atlanta, hakuwepo, kwa kuwa ubaguzi uliohalalishwa huko Georgia haukumruhusu kuketi na wazungu. Mabishano kumhusu yameendelea tangu enzi zake: je, aliwafungulia weusi mlango, au alijenga jina kwa kuwadhalilisha?

Lawama kubwa zaidi ilitoka kwa watu wake mwenyewe. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kupigania haki za weusi, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuzitaka kampuni za filamu ziache kuwaonyesha weusi kama watumishi na vichekesho tu, na ingawa waigizaji wa nafasi hizo walikuwa wengi, aliyefahamika kuliko wote alikuwa McDaniel. Hoja hiyo si nyepesi. Mammy, yaya mtumwa aliyemwigiza, hapewi mume, mtoto wala jambo linalomhusu yeye mwenyewe. Hata utumwa unapokwisha anabaki kuihangaikia familia iliyommiliki. Mtazamaji mzungu ambaye hakuwahi kuzungumza na mweusi ila jikoni kwake angeweza kutoka sinema akiamini kwamba utumwa ulikuwa aina ya undugu. Henry McDaniel, baba wa Hattie, alizaliwa utumwani na akapigana upande wa Kaskazini, uliokomesha utumwa, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ninapoitazama filamu hiyo nikilikumbuka hilo, siwezi kumwambia White kwamba alikosea kukasirika.

Hata hivyo, lazima tuulize McDaniel alikuwa na njia gani nyingine. Alizaliwa Wichita, Kansas, katika miaka ya 1890, akakulia jukwaani pamoja na ndugu zake, akaimba blues na kurekodi santuri. Uchumi ulipoporomoka mwaka 1929, alijikuta akihudumu chooni katika klabu moja karibu na Milwaukee kabla ya kuruhusiwa kuimba hapo, na alipofika Los Angeles mwaka 1931 alifanya kazi za ndani huku akitafuta nafasi ndogondogo za filamu. Inasemekana alizoea kuwajibu wakosoaji wake kwamba afadhali alipwe dola 700 kwa wiki kwa kuigiza mtumishi kuliko dola 7 kwa kuwa mtumishi. Wapo wanaolisoma jibu hilo kama la mtu asiye na haya, lakini mimi nasikia sauti ya mtu aliyeijua hiyo kazi ya dola 7. Tena ufundi wake haukuwa wa kuinamisha kichwa: Mammy wake anamkaripia Scarlett, binti wa familia hiyo, bila woga, na pale anapopanda ngazi akimsimulia Melanie, wifi yake Scarlett, msiba ulioikumba nyumba, filamu nzima inamsikiliza yeye.

Kwa maoni yangu, White alikuwa sahihi kuhusu picha ya weusi iliyokuwa ikionyeshwa, ila mzigo wa lawama zake uliwaangukia waigizaji kuliko waandishi na wenye studio waliozitunga nafasi hizo. Lakini tusisahau kwamba shinikizo la NAACP na magazeti ya weusi lilichangia kuondolewa kwa tusi kuu la kibaguzi katika maneno ya filamu ile, jambo ambalo mwigizaji mmoja asingelipata kwa kunong'ona studioni.

Zaidi ya Oscar, ninachoona kina uzito mkubwa ni nyumba. Kwa fedha za aproni, yaani za kuigiza watumishi, McDaniel alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa West Adams Heights, uliokuja kuitwa Sugar Hill, ambako hati za viwanja ziliwakataza weusi kuishi. Majirani wazungu walipokwenda mahakamani kutaka yeye na weusi wenzake waondolewe, hakuhama; aliwakusanya wenzake wakapambana pamoja, wakitetewa na wakili Loren Miller. Mwezi Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke aliitupa kesi ya majirani hao, akisema wakati umefika wa weusi kupewa haki kamili wanazohakikishiwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hakuna mahakama inayoweza kutekeleza masharti ya aina hiyo, na Miller alikuwa miongoni mwa mawakili wa kesi hizo.

Ushindi huo haufuti madhara ya Mammy, na sidhani McDaniel aliununua kwa makusudi kama fidia. Lakini anayedai kwamba mwanamke huyu aliridhika na nafasi aliyopewa ana deni la kueleza kwa nini, pale alipokuwa na uamuzi mikononi mwake, alikataa kuondoka.