Memphis na piki namba 2 ya drafti ya NBA 2009: kosa lilikuwa Hasheem kweli?

Usiku wa kuamkia Juni 26, 2009 sikulala, ilishapita saa nane kwa saa za Dar na David Stern, kamishna wa NBA, alikuwa anapanda jukwaani kule New York kusoma majina ya drafti, pale timu za ligi kuu ya kikapu Marekani zinapochagua chipukizi kwa zamu. Clippers wakamchukua Blake Griffin, hiyo kila mtu aliijua toka wiki kibao nyuma. Halafu Memphis Grizzlies. Akasoma Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar aliyeanza kushika mpira wa kikapu ana miaka 15, nikapiga kelele nyumba nzima ikaamka.

Toka siku hiyo huu ubishi kama Memphis walikosea kumchukua haujawahi kuisha na mi nimebishana sana, maana nyuma yake akaitwa James Harden namba 3, Tyreke Evans 4, Ricky Rubio 5, Jonny Flynn 6 na Stephen Curry namba 7. Yaani Harden na Curry wote wawili walikuwepo pale mezani wakarukwa, leo kati yao wana tuzo 3 za MVP, yaani mchezaji bora wa msimu. Ukiangalia hivyo tu unasema Memphis walichanganyikiwa, ila sio rahisi hivyo.

Jiweke kwenye nafasi yao. Wametoka kushinda mechi 24 wakapoteza 58. Wana Mike Conley anayepanga mpira, wana O.J. Mayo gadi wa kufunga aliyetoka kumaliza msimu wa kwanza na wastani wa pointi 18.5, wana Rudy Gay pembeni. Harden anacheza namba ileile ya Mayo, Curry ni mwembamba katoka chuo kidogo cha Davidson na namba yake iko kwa Conley, Rubio ana mkataba Hispania na kweli hakuanza kucheza NBA mpaka 2011. Af kuna huyu jamaa wa mita 2.21 ambaye mwaka wake wa mwisho UConn, chuo kikuu cha Connecticut, kapiga pointi 13.6, rebaundi 10.8 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) na bloku 4.2 (mitupo aliyoizuia) kwa mechi, na timu yake imefika nne bora ya vyuo. Kama unajenga timu kwa kuziba mapengo, unamwachaje mtu kama huyo? Binafsi sioni ujinga hapo.

Shida ni kwamba hilo pengo lenyewe halikuwepo. Senta Marc Gasol, yaani mtu mrefu wa chini ya kikapu, alishakuwa Memphis mwaka mzima, karibu pointi 12 kwa mechi kwenye msimu wake wa kwanza, bado kijana. Na dalili kwamba Hasheem hajawa tayari zilikuwa wazi kwa yeyote aliyeangalia mechi ya UConn na chuo cha Pittsburgh ya Februari 2009. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa zaidi ya sentimita 15 lakini kifua kama ukuta, alimaliza na pointi 22 na rebaundi 23. Kuna ile picha siwezi kuisahau, wanagombania rebaundi mikono imenasana, Blair anainama na kumvuta, Hasheem mzima na urefu wake wote anapita juu ya bega la mwenzie anatua chini kwa mgongo. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Hasheem, anatimiza 22. Urefu na timing ya bloku alikuwa navyo, miguu ya kusimama imara chini ya kikapu bado.

Sasa mtu wa hivyo anahitaji nini? Dakika za kucheza na kukosea, pamoja na kocha wa kukaa naye. Alipata wastani wa dakika 13 hivi. Drafti haijapoa, mwezi uliofuata tu Memphis wakamleta Zach Randolph, kwa hiyo chini ya kikapu tayari kuna watu wawili wakubwa na timu inataka kushinda leo sio keshokutwa. Februari 2010 wakampeleka Hasheem kwa Dakota Wizards kwenye ligi ya maendeleo, ligi ndogo chini ya NBA, na mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu hivyo akapelekwa huko. Curry kakua baba yake anacheza NBA, Hasheem ana miaka saba tu tangu aguse mpira, halafu wanapimwa kwa saa moja!

Lakini nisiwe mshabiki wa nyumbani tu. Houston, Portland na Oklahoma City wote walimpa nafasi baadae, na ukijumlisha na Memphis ni mechi 224 na wastani wa pointi 2.2. Hata angelelewa vizuri sidhani kama angefikia thamani ya namba 2, na mchezo wenyewe ulikuwa unahama, masenta wanaburuzwa nje mpaka kwenye mstari wa pointi 3.

Na wanaosema Memphis walijiua wanasahau yaliyofuata. Februari 2011 Hasheem ndio alikuwa kwenye dili lililomrudisha Shane Battier kutoka Houston, na miezi miwili baadae Battier akatupia ile ya pointi 3 sekunde za mwisho San Antonio, Memphis wakapata ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye mtoano, kisha wakawatoa kabisa hao Spurs wa San Antonio waliokuwa wa kwanza Magharibi. Na wangefuata kelele za mtaani wangemchukua Evans aliyecheza chuo hapohapo Memphis, wangeshangiliwa mwaka mmoja maana alibeba tuzo ya mchezaji bora mpya, baada ya hapo hakuwahi tena kuwa na msimu kama ule.

Kwahiyo mi nasimama wapi? Ningemchukua Harden. Sio kwa sababu najua leo alikuwa nani, hapana, ni kwa sababu timu ya ushindi 24 haina namba ambayo imejaa, inaona tu kama imejaa. Oklahoma City walikuwa na Durant na Westbrook wakamchukua Harden wakamweka benchi, akapata tuzo ya mchezaji bora wa akiba 2012. Golden State walikuwa na gadi Monta Ellis, wakamchukua Curry hivyohivyo. Na yule Mayo aliyeonekana kaifunga namba Memphis? Novemba 2010 alishahamishiwa benchi, Februari iliyofuata wakajaribu kumuuza Indiana dili likakwama, na 2012 akaondoka zake Dallas.